Fundi Kabana Wapi? Namna ya Kukagua Kisu cha Bei Nafuu

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu wa machinjioni, mama zangu wa jikoni, na ninyi vijana mnaoanza kazi buchani: asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya visu, na Mwenyekiti ameniwekea mpaka ulio wazi. Nisizungumzie visu vya hoteli kubwa ambavyo kimoja kinauzwa kwa bei ya mbuzi, bali kile kisu ambacho mtu wa kipato chetu anakinunua Kariakoo, au mnadani, au kwa fundi anayefua chuma chini ya mwembe. Nimeufurahia mpaka huo kwa sababu maisha yangu yote ya kazi nimeyamalizia ndani yake. Nimeshika chuma kwa zaidi ya miaka thelathini, nusu yake nikiwafundisha vijana karakanani, na visu vilivyopita mikononi mwangu, vya kunoa, vya kutia mipini na vya kutupa, sina hesabu yake. Leo nitashughulika na kisu kisichokunja peke yake, yaani kile ambacho bapa na mpini vimeungana moja kwa moja. Kisu cha kukunja kina mambo yake ya bawaba na springi, na hayo tuyaache.

Kisu cha bei nafuu ni kisu ambacho mtengenezaji wake amebana matumizi mahali fulani. Hilo si kosa, kwa kuwa asingebana mimi na wewe tusingekinunua. La kuangalia ni mahali alipobania. Akibana kwenye boksi, kwenye nakshi za mpini, au kwenye kung'arisha bapa hadi ujione meno, hajakudhulumu chochote. Akibana kwenye moto uliopaswa kukomaza chuma, au kwenye kiungo cha bapa na mpini, amekuuzia sanamu ya kisu. Ndiyo maana kila ninapokishika kisu nisichokijua najiuliza swali hilohilo: fundi kabana wapi?

Mfano bora ninaoujua wa fundi aliyebana mahali panapofaa unatoka mbali, katika mji wa Mora, jimbo la Dalarna, nchini Uswidi, ambako karakana iliyozaa kiwanda cha leo cha Morakniv ilianzishwa mwaka 1891. Kisu chao cha kazi kiitwacho Companion kina bapa lenye urefu wa milimita 104 hivi na unene wa milimita 2.5. Ukikishika kwa mara ya kwanza utakidharau, kwa sababu mpini ni wa plastiki, ala ni ya plastiki, hakina ribiti hata moja, yaani pini ya chuma ya kubania mpini, na chuma kilichoingia ndani ya mpini hakifiki mwisho wake. Lakini plastiki hiyo imemiminwa ikiwa ya moto kukizunguka chuma, kwa hiyo hakuna upenyo wa maji wala wa mafuta, na bapa lenyewe limekomazwa sawasawa. Kwao ni kisu cha seremala na mjenzi, kitu cha kununua bila kumwuliza mke wala mume. Waswidi waliondoa kila kisichokata wakaacha kinachokata. Nimekitaja mapema ili tusiendelee kuamini kwamba rahisi lazima kiwe kibovu, na pia kwa sababu kitatusaidia baadaye tutakapofika kwenye mpini.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Chuma cha kawaida, kile cha magrili ya madirisha na mageti, kina kaboni kidogo sana, isiyofika robo ya asilimia moja. Ukikichoma hadi kiwe chekundu na kukitumbukiza majini, kitatoa mvuke na kelele nyingi, lakini hakitakuwa kigumu. Kaboni ndiyo inayokipa chuma uwezo wa kukomaa, na inapofika nusu ya asilimia na kuendelea ndipo tunapopata kitu kinachostahili kuitwa chuma cha kisu, ambacho wazee walikiita pua, na kilicho bora zaidi wakakiita feleji. Elimu hiyo si ngeni kwetu. Wahaya wa Kagera walikuwa wakiyeyusha chuma chenye kaboni katika tanuru za udongo tangu zamani mno, jambo ambalo watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliliandika mwaka 1978 na kuwashangaza wengi huko Ulaya na Marekani, na kule Upare ukoo wa Washana ulijulikana kwa ufuaji kiasi kwamba jina na kazi havikutengana. Nalitaja hili kwa sababu nimewasikia vijana wakisema kisu kizuri ni cha Mzungu. Kisu kizuri ni cha chuma kizuri kilichopata moto mzuri, na chuma hakijui kimefuliwa na nani.

Mafundi wetu wa leo hawayeyushi mawe tena. Wanatumia springi za magari, zile mbamba zinazopangwa moja juu ya nyingine chini ya lori, na uchaguzi huo ni wa busara, kwa kuwa springi ina kaboni inayokaribia asilimia 0.6 na iliundwa tangu mwanzo ikunjwe na kurudi bila kukatika. Sime nyingi mnazoziona kiunoni mwa Wamasai zimetokana na springi. Kwa hiyo fundi wa mtaani akikwambia kisu chake ni cha springi, hiyo ni habari njema, ila ni nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni alichokifanya baada ya kukifua. Wapo pia wanaotengeneza visu kwa vipande vya msumeno wa mashine ya kukatia vyuma. Hivyo vinashika makali kwa muda mrefu ajabu, lakini ni vigumu kupita kiasi, na ukikiangusha kimoja sakafuni, au ukipiga nacho mfupa wa paja, unaokota vipande viwili. Kwa kukata nyama isiyo na mfupa sivikatai. Kwa mchinjaji sivipendekezi hata kidogo.

Visu vya kiwandani vinavyojaa madukani kwa kawaida ni vya chuma kisichoshika kutu, ambacho wote tumezoea kukiita stenlesi. Hapa naomba mniazime masikio, maana ndipo watu wengi, wakiwamo mafundi wenzangu, wanapojidanganya. Mtu anaingia dukani na sumaku mfukoni, anaigusisha kwenye bapa, ikinasa anakirudisha kisu na kumwambia muuzaji kwamba hii si stenlesi halisi. Kipimo hicho kinafaa kwa kijiko na sufuria. Kijiko kizuri hugongwa namba 18/8 au 18/10, maana yake kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8 au 10, na chuma cha mchanganyiko huo kwa kawaida hakivutwi na sumaku. Lakini chuma hichohicho hakikomai kwa moto, hata ukichome namna gani na kukipoza namna gani. Ukitengenezea kisu, utapata kijiko kilichochongwa umbo la kisu. Chuma cha kisu kisichoshika kutu ni cha jamii nyingine. Kina kromi kiasi cha asilimia 13 hadi 15, kina kaboni ya kutosha kukomaa, na sumaku hukinasa barabara. Kwa hiyo kwenye kisu kipimo kinageuka: bapa lisilovutwa na sumaku ndilo la kurudisha kaunta. Kuvutwa hakuthibitishi kwamba ni kisu kizuri, kwa kuwa hata bati la paa linavutwa, lakini kutovutwa kunatosha kukufanya uondoke.

Yale maneno ya Kiingereza yanayogongwa kwenye bapa kueleza kwamba chuma hakishiki kutu hayakwambii kitu, sawa na mtu anayekuuzia gari kwa kukuhakikishia kuwa lina magurudumu. Tafuta namba. Visu vingi vya Kijerumani vya buchani na vya jikoni vimeandikwa X50CrMoV15, na maandishi hayo yanasomeka: 50 ni kaboni ya asilimia 0.50, na 15 ya mwisho ni kromi ya asilimia 15. Ukikuta X46Cr13, soma kaboni 0.46 na kromi 13. Si haba, kitakufanyia kazi. Ukikuta X30Cr13, kaboni imeshuka hadi 0.30, na hapo ujue utakuwa mtu wa kinoo kila asubuhi. Muuzaji anayekupa namba amejifunga kwa maneno yake, na muuzaji asiye na namba inakubidi umhoji kwa njia nyingine nitakazoeleza.

Ndugu zangu wa samaki, ninyi mna jambo lenu la ziada. Chuma huanza kuitwa kisichoshika kutu kikiwa na kromi ya asilimia 10.5, kwa hiyo kile cha asilimia 13 kimevuka mstari kidogo tu. Chumvi ya bahari hailali. Pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, nimeviona visu vya stenlesi vimeota madoa ya kahawia kama uso wenye ndui, na wenye navyo wakilalamika kwamba waliuziwa bandia, wakati kosa lilikuwa ni kuvilaza usiku kucha ndani ya ndoo ya maji ya chumvi. Kisha kisu cha springi, ambacho hakina kromi ya kukilinda, kitashika kutu hata kwa unyevu wa hewa ya pwani. Kikaushe, kipake mafuta ya kula, na kitakuzika.

Nimesema kaboni inatoa uwezo. Kinachoutimiza uwezo huo ni moto, na moto ndio sehemu rahisi kuliko zote ya kubania bila mnunuzi kuona. Fundi mwadilifu anakichoma chuma cha springi hadi kifikie nyuzi joto za sentigredi zaidi ya 800. Anayejua kazi huwa na sumaku kando, kwa sababu chuma kikifika kiasi cha nyuzi 770 huacha kuvutwa na sumaku, na hapo anajua amebakiza kidogo. Kisha anakipoza ghafla kwenye mafuta. Hiyo ndiyo tunayoita kukitia maji, hata kama maji yenyewe hayakutumika. Chuma kinachotoka hapo ni kigumu kama kioo, na kama kioo kinavunjika, kwa hiyo lazima arudi kukichoma tena polepole, kwa joto la chini, hadi uso uliong'arishwa upate rangi ya majani makavu, kwenye nyuzi 200 na zaidi kidogo. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa. Inachukua muda, haionekani, na kisu kisichoipata kinang'aa sawasawa na kilichoipata.

Upo pia ubaya wa kinyume, wa moto uliozidi baada ya kazi kukamilika. Fundi amekomaza chuma vizuri, halafu akachukua grenda kutengeneza makali, akasukuma kwa haraka bila kupoza majini. Makali ni membamba, joto halina pa kukimbilia, na katika sekunde chache ukingo unageuka rangi ya bluu. Bluu maana yake chuma kimefika kiasi cha nyuzi 300 na kimelegea palepale panapotakiwa kuwa pagumu. Basi unapokishika kisu cha fundi wa mtaani, kiinue kwenye jua na uyakague makali kuanzia kwenye mpini hadi nchani, hasa nchani, kwa sababu huko ndiko panapoungua kwanza. Ukiona kivuli cha bluu au cha zambarau, hata kama ni cha upana wa punje ya mchele, mwambie akuonyeshe kingine. Fundi mjanja huifuta rangi hiyo kwa msasa, na hapo macho hayakusaidii, tunakwenda kwenye tupa.

Tupa mpya ni ngumu kuliko kisu chochote cha kawaida. Kwenye kipimo cha Rockwell, ambacho hubonyeza chuma kwa ncha ya almasi na kusoma imezama kiasi gani, tupa hupita 60, wakati kisu kizuri cha kazi huwa kati ya 54 na 58. Chukua kona ya tupa ndogo, iguse taratibu sehemu isiyoonekana sana, karibu na mpini, kisha karibu na ncha. Kwenye chuma kilichokomaa tupa huteleza, inatoa sauti nyembamba ya kioo na kuacha mkwaruzo hafifu. Kwenye chuma laini huuma mara moja, unaihisi mkononi kama jino lililozama kwenye embe, na unaona unga wa chuma. Ukisikia inateleza karibu na mpini lakini inauma karibu na ncha, umeshaikuta ile grenda. Najua muuzaji wa dukani hatakuruhusu kutembeza tupa kwenye mali yake, na ana haki. Nunua kimoja, kipime nyumbani, na kama kimefaulu rudi ununue vingine vya aina ileile kwa ajili ya kazi. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya karakanani, na hasara ya kisu kimoja haijawahi kuniumiza kama hasara ya dazeni.

Kuhusu makali ya dukani nitasema kidogo tu. Hayo ni salamu. Karatasi itakatika, nyanya itakatika, na muuzaji atanyoa nywele za mkono wake mbele yako, lakini yote hayo yanakueleza nani alikinoa mara ya mwisho, si chuma kitashika makali hayo kwa muda gani. Cha kuangalia ni unene wa bapa nyuma ya makali. Visu vingi vya bei nafuu vina mgongo wa kawaida, milimita mbili au tatu, lakini havijachongwa vikapungua kuelekea chini, kwa hiyo vinafika kwenye makali vikiwa bado vinene. Mama zangu mnavijua hata kama hamkuwahi kuvipa jina: unakata karoti, kisu kinaingia hadi katikati, kisha karoti inapasuka kwa mlio na kipande kinarukia chini ya meza. Hicho kisu hakikati, kinapasua kuni. Kibane bapa kati ya kidole gumba na cha shahada, milimita chache juu ya makali, na uteleze kuelekea chini. Vidole vinapaswa kukaribiana bila kukutana na tuta. Ukinunua chenye tuta, kwa kinoo utaumia miezi, maana itakubidi uondoe chuma kingi ambacho kiwanda kilipaswa kukiondoa.

Hapo hapo kitazame kama seremala anavyokagua ubao, jicho moja limefumbwa, kutoka kwenye mpini kuelekea nchani. Kilichopinda kidogo cha springi fundi anaweza kukinyoosha. Cha kiwandani kilichopinda kiache, kimepinda wakati wa kupozwa na kitapinda tena. Kisha ikandamize ncha kwenye ubao hadi bapa likunjike kidogo, uachie. Lirudi. Lisiporudi chuma ni laini, na likikatika, angalau umejua ukiwa bado mbele ya muuzaji.

Sasa mpini. Kile kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini kinaitwa msuka, na ndicho kilichonifundisha adabu. Mwaka mmoja nilikuwa nyumbani kwa shemeji yangu, Tanga, asubuhi ya Idi ya kuchinja. Nilikuwa nimenunua kisu kipya njiani, kizuri machoni, mpini wa mbao nyeusi na noleo la shaba, ile pete inayofunika mahali bapa linapoingia. Kazi ya kuchinja ilifanywa na mzee aliyekuja na kisu chake, namshukuru Mungu. Mimi nilipewa kuchuna na kupasua. Nilipofika kwenye kiungo cha nyonga nikakizungusha kisu kidogo, kama kila mmoja wenu anavyofanya mara mia kwa siku, nikasikia mlio mdogo, na mkononi mwangu ukabaki mpini mtupu. Bapa lilikuwa limesimama kwenye nyama peke yake. Tulipoupasua ule mpini tukakuta msuka wa urefu wa sentimita tatu tu, na huo haukuwa sehemu ya bapa: ulikuwa msumari uliochomelewa kwenye kitako cha bapa, kisha ukajazwa gundi na kufunikwa na lile noleo la shaba. Mafundi wenzangu, mnajua maana ya kuchomelea chuma chenye kaboni bila kukipasha joto kabla wala kukituliza baadaye. Pembeni ya mchomeleo chuma kinakuwa kikavu kama mkate wa juzi. Noleo, ambalo kwa wafuaji wa zamani lilikuwa la kuzuia mpini usipasuke, kwenye kisu kile lilikuwa pazia.

Tangu siku hiyo msuka naukagua kabla ya makali. Ulio rahisi kukagua ni ule mpana, unaoonekana kuuzunguka mpini wote juu na chini, vipande viwili vya mbao au plastiki vimeubana kwa ribiti. Hakikisha chuma unachokiona mgongoni mwa mpini ni kilekile cha bapa, kimeendelea bila mshono, maana wapo wanaobandika ukanda wa bati kuigiza. Ribiti ziwe tatu, au mbili zilizo imara, na vichwa vyake vilingane na mbao. Pitisha ukucha, usikwame. Kisha chukua kipande cha karatasi ujaribu kukipenyeza kati ya mbao na chuma. Kikipita, damu nayo itapita, na mafuta, na maji ya kuoshea, na ndani yake kutaota kutu na harufu ambayo hakuna sabuni itakayoifikia.

Msuka uliofichwa ni mgumu zaidi kuuhukumu, lakini usiukatae kwa kuwa umefichwa. Ndiyo maana nilikitaja kile kisu cha Mora, ambacho msuka wake hauonekani kabisa na kinadumu. Lifunge bapa kwa kitambaa kinene kilichokunjwa, lishike kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine uzungushe mpini kulia na kushoto kwa nguvu ya kufungulia kifuniko cha chupa. Kisiwe na mchezo wowote. Gonga kitako cha mpini kwenye kiganja na usikilize. Kisu kilichoungwa vizuri kinatoa mlio mmoja mfupi, na kilicholegea kinatoa miwili, wa mbao na wa chuma, kimoja kikimfuata mwenzake. Baada ya kukisikia mara moja hutaupoteza mlio huo, sawa na mpishi anavyoijua nazi iliyooza kwa kuitikisa.

Mbao za mpini zina tabia za kwao zinapohama. Mpini uliotengenezwa Dar es Salaam wakati wa masika, kwa ubao ambao haukukauka, utakapofika Dodoma utasinyaa, ribiti zitachomoza vichwa na bapa litaanza kucheza, na mnunuzi atamlaumu muuzaji wa Dodoma ambaye hana kosa. Mninga unasinyaa kidogo sana, na kwa mpini wa bei ya kawaida sijaona mti unaoupita. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na hauli unyevu kirahisi, ila unapasuka ukichongwa ukiwa mbichi, na kwa bei yake ya sasa kisu kinachodaiwa kuwa cha mpingo na kikauzwa rahisi mara nyingi kimepakwa rangi ya viatu. Kisugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa utaiona. Kwa kazi ya bucha, plastiki ngumu iliyomiminwa juu ya msuka haina mpinzani, mradi isiwe nyororo. Mkono ukipata mafuta unateleza mbele, na kisu kisicho na kizuizi cha kidole mbele ya mpini kinamkata mwenyewe kabla ya nyama. Nimewapeleka vijana wawili hospitali kwa sababu hiyo moja, na visu vyote viwili vilikuwa vya makali mazuri sana.

Ala sitaizungumzia zaidi ya kusema ikaushwe na isiwe ya ngozi kwa mtu wa samaki.

Wapo watakaoniuliza, na nimeshaulizwa hapa mlangoni, kama taabu hii yote inastahili kwa kitu cha shilingi elfu chache. Kwa wachinjaji jibu liko kwenye kazi yenyewe: mafundisho ya Kiislamu yanamtaka mchinjaji anoe kisu chake ili mnyama asiteseke, na wala asikinoe mbele ya macho ya mnyama, na huwezi kuitimiza amri hiyo kwa chuma ambacho makali yake yamelala kabla ya mbuzi wa pili. Kwa wengine jibu liko kwenye daftari la matumizi. Mama ntilie mmoja niliyewahi kumnolea alikuwa akinunua kisu kipya kila baada ya miezi miwili na kuamini kwamba ndiyo kawaida ya visu. Nilimtengenezea kimoja cha springi, mpini wa mninga, kisicho na urembo wowote. Alikilipia bei ya visu vitatu vya zile alizozoea, akanung'unika. Ananiletea kukinoa mpaka leo, bapa limepungua upana kama mwezi unaokwisha, na kila akija anauliza kama ninacho kingine cha aina ile, nami namjibu kwamba hicho hakijamaliza kazi.

Kwa kuwa nimetaja kunoa, niseme kipimo kimoja cha mkono kwa vijana. Kama bapa lako lina upana wa sentimita 4, liweke juu ya kinoo kisha uinue mgongo kiasi cha sentimita 1 na nusu. Hapo umepata pembe ya nyuzi 22 hivi, inayofaa kwa kisu cha kazi mchanganyiko. Anayekata minofu tu apunguze kidogo. Anayegonga mifupa midogo aongeze. Na kisu ulichokinoa kwa uangalifu ndicho kinachokupa hukumu ya mwisho juu ya chuma: hesabu kimekata nini na nini hadi kikaanza kuteleza kwenye ngozi ya nyanya, kisha yaangalie makali kwenye mwanga. Yakiwa yamejikunja upande mmoja, chuma ni laini. Yakiwa na mapengo madogo kama meno ya mtoto, chuma ni kikavu, ile hatua ya pili ya moto ilirukwa. Yakiwa yamefifia tu, bila kukunjika na bila pengo, muulize muuzaji kama amebakiwa na vingine, na ununue kabla hajajua alichonacho.

Mezani hapa nimeleta visu vitatu, vyote nimevinunua wiki hii kwa fedha zangu na vyote havikuvuka bei ya kilo moja ya nyama. Kimoja ni cha kijiko. Kimoja kina msumari ndani. Kimoja ningekichukua nyumbani. Sumaku ni hii, tupa ni hii, na karatasi mnazo. Mwenyekiti, naomba waanze wa mstari wa nyuma, maana wa mbele wameshaanza kunyoosha mikono kwenye kile chenye noleo la shaba.